Mheshimiwa Aliyesema kwa Mdomo Wangu

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na mchana mzima wa kukataa, na hakuna aliyenishikia kisu. Mheshimiwa, mbunge wetu, alikuwa ameketi kwenye kiti cha chuma nyuma ya ghala la pamba pale Kiritiri, akichokoa meno kwa njiti ya kibiriti, akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, kesho nikisema ardhi ipitie mikononi mwangu, hawa watu wako utawaambiaje wasishtuke?" Ningejibu kwamba sijui. Ningesema lugha yetu haina neno la jambo hilo. Badala yake nilifikiri, kama mwanafunzi anayetaka kusifiwa na mwalimu wake, kisha nikampa neno.

Kwetu Mbeere, mwenye mbuzi hawaweki wote katika zizi lake. Jua likikausha upande mmoja, huenda upande wa pili kumenyesha, kwa hiyo hupeleka baadhi kwa rafiki aliye mbali wakakae huko. Rafiki hunywa maziwa, pengine hupewa mwanambuzi mmoja kwa jasho lake, lakini mbuzi hubaki wa mwenyewe. Hata ipite miaka, hata wazaane wajaze kilima, mwenyewe akija na fimbo yake huondoka nao. Sijawahi kumwona mtu wa kwetu aliyekana mbuzi wa namna hiyo. Kuna neno moja la kuwaweka hao mbuzi, na ni neno ambalo halijawahi kuhitaji karatasi. Siliandiki hapa, kwa sababu sikulitumia vizuri. Siku iliyofuata Mheshimiwa alisema kwa Kiswahili, "Ardhi hii ipitie mikononi mwangu," nami nikawaambia watu kwa Kimbeere kwamba tunaiweka ardhi kwake kama mbuzi wale. Wazee waliitikia kwa vichwa, wameridhika. Wakaja mezani mmoja mmoja, wakachovya vidole gumba kwenye wino.

Ardhi ilikuwa ya kujenga shule ya sekondari ya wasichana, ya bweni. Ndivyo alivyosema, na pengine siku ile hata yeye aliamini kwa muda wa saa moja. Katikati ya ardhi hiyo lilikuwapo shamba la marehemu shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Dada hakusoma. Mimi ndiye niliyesomeshwa hadi kidato cha nne, kwa mbuzi ambao yeye aliwachunga. Alikuwa na binti wawili, na shule hiyo aliitaka kuliko mvua. Kabla ya kuweka kidole alinigeukia mbele ya watu wote.

"Mwana wa mama, ni lile neno ninalolijua mimi?"

"Ni lile," nikamwambia.

Akaweka kidole.

Shule haikujengwa. Hati ya ardhi ilitoka kwa jina la Mheshimiwa, na leo pale ni shamba la muguka, yale majani ya kutafuna, lililozungushiwa waya wa miiba, na malori ya mchanga hushuka kando yake kwenda mtoni. Na miaka yote hiyo dada yangu aliamini kwamba neno lile lilitoka kwa Mheshimiwa, kwamba mimi nililibeba tu kama tarishi anayebeba barua iliyofungwa. Nilimwacha aamini hivyo. Hilo ndilo kosa la pili, na huwa siwezi kusema lipi lilikuwa kubwa.

Nitaeleza habari za Mheshimiwa jinsi nilivyomjua, kwa sababu wapo watu wanaoandika habari zake sasa, na nina hofu watamwandika vizuri mno.

Kwanza, Kimbeere alikijua. Hili lazima lijulikane. Aliwaambia watu kwamba shule za mbali na kazi za Nairobi zimeitia kutu lugha ya mama yake, ndiyo maana anahitaji mkalimani. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi asiye na cheti cha ualimu, kijana mwenye sauti kubwa, na alinitoa darasani akaniweka jukwaani. Juma la kwanza tu, gurudumu la gari lake lilipasuka njiani, na nikamsikia akimtukana dereva kwa Kimbeere cha wachungaji, kilichokamilika, chenye matusi ambayo mimi nilikuwa nimeyasahau. Aliponiona namtazama, akacheka.

"Mwalimu, mtu akiwa na mdomo mmoja ataulizwa alichosema. Akiwa na midomo miwili, watu wataulizana wao kwa wao."

Sikuelewa mpaka mwaka uliofuata. Katika mkutano mmoja alikuwa amesema kwa Kiswahili, "Mambo ya maji tutayaangalia." Kabla ya hapo alikuwa ameniambia niongeze chumvi, nami nikaongeza: nikawaambia watu kwamba maji yanakuja. Akina mama walipiga vigelegele. Mwaka ulipoisha, wakamwuliza maji yako wapi. Alinishika bega kwa upole, kama baba anayemsamehe mwanawe.

"Mimi nilisema tutaangalia. Huyu mkalimani wangu ndiye aliyeleta maji. Basi mwulizeni mabomba ameyaficha wapi!"

Watu walicheka mpaka wakafuta macho. Mimi pia nilicheka. Naandika hivi ili ijulikane kwamba nilicheka. Baadaye alifanya hivyo kuhusu barabara, zahanati, hata mbegu za pojo. Kila ahadi iliyokufa ilizikwa mdomoni mwangu, na nilipolalamika aliniambia nisiwe mtoto, kwani mabati yaliyo juu ya nyumba yangu yalitoka wapi? Mabati yalitoka kwake. Mvua iliponyesha niliyasikia.

Alikuwa na misemo mingi, na watu wengine bado huisema bila kujua ni yake. "Siasa ni kukohoa mahali pazuri." "Mtu husahau alichoambiwa, hasahau alichokula." Huu wa pili aliuishi. Popote tulipokwenda mbuzi alichinjwa, na figo zililetwa kwake kwanza, juu ya jani, akazila kwa vidole akiwa ameinama, mafuta yakimshuka kidevuni, huku mzee mmoja akimweleza kwamba watoto wa kijiji kile wamelala siku mbili kwa uji wa maji matupu. Alikuwa akiitikia, "Mm, mm," na sikuweza kujua anaitikia njaa ama figo. Kisha alinyoosha mikono, na mzee yuleyule akammiminia maji ya kunawa. Maji yenyewe yalikuwa yametolewa mbali kwa punda.

Lugha yetu ina mzaha wake. Kwa Kimbeere, kuuliza na kula ni maneno yanayofanana kama mapacha; ukikosea kuvuta sauti kidogo tu, umeshakula. Wimbo mkuu wa Mheshimiwa jukwaani ulikuwa, "Nitakwenda Bungeni niwaulizie!" Nilikuwa nimetafsiri sentensi hiyo mara nyingi mno. Siku moja sokoni, koo limekauka, nikaikosea. Nikawatangazia watu kwamba Mheshimiwa anakwenda Bungeni akale kwa niaba yao.  Kisha mama mmoja aliyekuwa akiuza kunde akasimama na kupaza sauti:

"Haya, Mwalimu! Leo ndiyo umetafsiri!"

Soko zima lililipuka. Mheshimiwa alicheka kuliko wote, akamnunulia mama yule kunde zote. Ndani ya gari hakunisemesha mpaka Embu.

Koti lake lazima nilitaje. Kutoka Nairobi alikuja na suti ya kijivu, na kabla hatujashuka kuelekea nchi ya chini alisimamisha gari kando ya barabara, akavua suti, akavaa koti la kaki lenye kiraka cha kiwiko. Tuliliita koti la Kiritiri. Kwa muda mrefu nilidhani ni koti lake la zamani, nikampenda kidogo kwa ajili ya hilo. Kumbe lilikuwa jipya. Fundi wa cherehani pale Embu aliniambia alipelekewa koti zima, lisilo na tundu, akaombwa ashone kiraka. "Nilimwuliza nishone wapi," fundi akasema, "akaniambia popote mkono unapoonekana ukipungia watu."

Nilikwenda Bungeni mara moja tu, nikaketi juu kwenye viti vya wageni. Nilikuwa nimemwandikia swali kuhusu maji ya Kiritiri. Nililiandika mwenyewe, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, kisha karani wa huko akalinyoosha, na lilikuwa swali zuri; waziri angelazimika kulijibu. Nilikuwa nimevaa tai. Spika aliita namba ya swali na jina la Mheshimiwa, na kiti chake kilikuwa kitupu. Akaita tena. Kisha akaendelea na swali lililofuata. Nilimkuta Mheshimiwa katika chumba cha chai, amepakata sahani ya keki, akimsimulia mbunge mwingine habari za nyama ya Kiritiri. Nilimwambia swali limeitwa.

"Limeitwa likafanya nini?"

"Limepitwa."

"Basi limepita," akasema, akanipa kipande cha keki.

Jumamosi hiyo aliwaambia watu jukwaani, "Swali lenu la maji limepita Bungeni!" Nami nikalitafsiri kama mtihani ambao mtu ameupita kwa alama za juu. Alipenda sana neno hilo la kupita. Ni neno jembamba. Huingia mlango wowote. Nilipaswa kukumbuka hivyo siku ya ardhi.

Keki ile niliila. Na alipotoka katika chumba cha chai alikuwa na kijiko cha Bunge mfukoni. Nyumbani kwake kulikuwa na bakuli zima la vijiko hivyo, na wageni walipokuja alivitumia kukorogea chai, akivigeuza ili alama ionekane. Mtu aliyepewa ardhi ya watu kwa neno la heshima alikuwa pia mwizi wa vijiko. Kwa namna fulani vijiko vilinichukiza zaidi. Ardhi ni kubwa na mwizi wake anaweza kusema ni siasa, lakini kijiko mtu hukitia mfukoni kwa mkono wake mwenyewe, akiangalia huku na huku.

Na sasa lazima niseme jambo ambalo ningependa lisingekuwapo. Siku moja tulikuwa tukitoka mkutanoni tukamkuta mwanamke kando ya njia, ameumwa na nyoka, mguu umevimba kama shina. Mheshimiwa alishuka mwenyewe. Alimbeba, akampakata nyuma ya gari, ule mguu juu ya mapaja yake, akamfunga kitambaa juu ya goti na kumwambia dereva asiangalie mashimo. Mwanamke alimtapikia koti. Aliendelea kumsemesha kwa Kimbeere njia nzima mpaka hospitalini Embu, akimwuliza majina ya watoto wake mmoja mmoja ili asilale, na alipofika wa mwisho alianza upya. Mwanamke yule alipona. Kilichonishangaza ni kwamba hakuwahi kulisema jukwaani. Mtu aliyetangaza kila gunia la mahindi alinyamaza kuhusu hilo. Nilimwuliza kwa nini, akasema, "Hilo si la watu." Nimejaribu miaka mingi kulitupa jambo hili mbali, ili nimchukie bila kusumbuliwa, na limekataa kwenda.

Waya wa miiba ulipozungushwa kwenye ardhi ya shule, wanawake waliamka na kung'oa nguzo. Dada yangu alikuwa mbele. Askari waliwashika, na dada akalala siku mbili katika kituo cha polisi, mwanamke aliyekuwa hajawahi kulala nje ya boma lake isipokuwa kwenye matanga. Alipotoka, chifu aliitisha baraza ili Mheshimiwa aje ajieleze.

Alikuja na koti lake la kiraka.  Akasema alichokuwa akisema siku zote.

"Mimi nilisema ardhi ipitie mikononi mwangu. Sikusema habari za mbuzi. Mbuzi ni wa mkalimani. Mwulizeni yeye."

Safari hii, miongoni mwa safari zote, alikuwa amesema kweli. Na hakuna aliyemwamini. Mtu mmoja akapiga kelele, "Hata leo ni mkalimani?" Watu wakacheka, kicheko kibaya. Kisha dada yangu akasimama. Alikuwa bado na vumbi la kituoni kwenye leso yake.

"Mheshimiwa," akasema, "huyo nimemlea mgongoni. Nimemchungia mbuzi wa karo. Hawezi kunidanganya katika lugha ya mama yetu. Mdomo ulikuwa wake, neno lilikuwa lako."

Wakampigia makofi. Macho yote yakanigeukia nithibitishe. Mheshimiwa naye alinitazama, na katika macho yake hapakuwa na hasira, ila udadisi, kama mtu anayemtazama mbuzi wa kununua.

"Mkalimani hachagui," nikasema. "Husema anachoambiwa."

Dada aliketi. Alinitazama kwa fahari. Jioni ile alinipikia.

Uchaguzi uliofuata Mheshimiwa aliangushwa, na mimi nikarudi kufundisha, kisha nikazeeka. Ardhi haikurudi. Kesi ilifunguliwa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na wazee waliokuwa mashahidi wakaanza kufa. Kila aliyekufa nilikwenda kumzika, na kila mara nilihisi wepesi fulani ambao sitaki kuueleza. Binti za dada hawakupata shule ya bweni. Mmoja aliolewa mapema, mwingine anauza nguo za mitumba kule Kinoru, Meru. Dada na mimi tulikuwa marafiki. Jumapili tulitoka kanisani pamoja. Alipenda kunisimulia jinsi alivyomjibu Mheshimiwa siku ile barazani, nami nilimsikiliza mpaka mwisho, kila mara.

Mwaka jana akanijia msichana kutoka Githongo, mwanafunzi wa chuo kikuu. Walikuwa wanakusanya masimulizi ya wabunge wa zamani, maisha yao na kazi zao, kabla hawajaondoka duniani wote. Alikuwa na adabu, alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Mwalimu, tuna shida," akasema. "Yule mzee, Mheshimiwa wako, alipata kiharusi. Kiswahili kimetoka, Kiingereza kimetoka. Amebaki na Kimbeere peke yake. Mimi ni Mmeru, naokota neno moja hapa, moja pale. Mkewe amesema tukutafute, ati wewe ndiye ulikuwa mdomo wake."

Ningeweza kukataa hilo pia. Lakini nilitaka kumwona. Nilitaka kumwona amebaki na ile lugha moja aliyoikana.

Tulimkuta nyumbani kwake nje ya mji wa Embu, sebuleni, katika kiti kikubwa, amefunikwa shuka miguuni. Upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea. Mkewe alikuwa akimlisha uji, na kila baada ya vijiko viwili alimfuta kidevu kwa taulo. Uji ulimtoka pembeni mwa mdomo, naye akaunyonya tena kwa sauti. 

Alinitambua mara moja.

"Umekuja," akasema. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Mheshimiwa."

"Basi umekuja kula." Akacheka kwa ule upande mmoja uliobaki.

Msichana aliweka simu yake mezani, akaanza kurekodi. Kwa saa nzima kazi ilikwenda vizuri. Alisimulia jinsi Bunge lilivyonyamaza aliposimama, jinsi alivyowapeleka watu wake mbele, jinsi swali la maji lilivyopita. Nilitafsiri yote bila chumvi, na bila chumvi yalikuwa maneno machache sana. Msichana aliandika kwa bidii. Kisha akafungua ukurasa mwingine.

"Mwulize kuhusu ile ardhi ya shule ya wasichana. Watu wa Kiritiri wanasema walidanganywa."

Nikamwuliza. Mheshimiwa alimsukuma mkewe na kijiko kando. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alizungumza bila kukwama.

"Mimi nilisema ipitie mikononi mwangu. Basi. Nilimwomba huyu kaneno kadogo ka kuwatuliza watu, akaniletea mbuzi wa kuweka! Mimi mwenyewe niliogopa. Mimi nimewadanganya watu wengi, lakini nilijiuliza, huyu anawadanganyaje mama zake kwa neno kama hilo? Na dada yake yuko pale!"

Msichana alikuwa ameinua kichwa.

"Amesema nini, Mwalimu? Nimesikia mbuzi. Hata sisi tunaita hivyo. Mbuzi wa nini?"

Ningeweza kusema anakumbuka mbuzi waliochinjwa mikutanoni. Ingekuwa rahisi, kulikuwa na mbuzi wa kutosha kuficha wale wengine. Mheshimiwa alinitazama akisubiri. Kiswahili kilikuwa kimemtoka, asingejua nilichosema. Nilikuwa na mlango ulio wazi kabisa, na nikagundua kwamba nimekuwa nikiingia katika mlango huo maisha yangu yote.

Mkalimani husema "mimi" akimaanisha yule anayemsemea. Nilianza hivyo: "Mimi nilisema ipitie mikononi mwangu." Nilipofika pale pa mkalimani, nikaacha kusema "yeye." Nikamwambia msichana kwamba kaneno kaliombwa kwangu, na mbuzi niliwaleta mimi, na maana ya mbuzi hao nikamweleza, polepole, mpaka akaelewa.

Aliacha kuandika.

"Ni kweli, Mwalimu?"

"Ni kweli."

"Hii itawekwa mahali watu watasikiliza. Hata huko Kiritiri, tutarudi tuwasikilizishe. Niiache?"

"Iache."

Mheshimiwa alinivuta mkono wa shati.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ulichosema."

"Chote?"

"Chote."

Alinitazama kwa dharau ya kweli, dharau ya mwenye kazi kwa kibarua aliyeharibu.

"Mjinga," akasema. "Si ungesema nimechoka?"

Kisha akafungua mdomo, mkewe akamtia kijiko cha uji. Nilisimama nikaondoka. Nilikuwa nimekwenda pale nikidhani nitamchukia mtu mmoja tu.

Siku ya pili nilikwenda kwa dada yangu. Alikuwa uani ameketi juu ya gunia, akipepeta pojo. Amezeeka sana, lakini mikono yake bado inajua kazi.

"Nasikia ulikwenda kwa yule," akasema. "Bado anakula?"

"Bado."

Nikaketi chini mbele yake nikamwambia. Sikuzunguka. Nilimwambia kwamba Mheshimiwa aliniomba neno nami nikalichagua, nikijua ni neno gani na nikijua nani atalisikia. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza, kisha akauweka ungo chini.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Mbele ya watu. Nikakuuliza kama ni lile ninalolijua."

"Nikasema ni lile."

"Na pale barazani nikasimama."

"Ulisimama."

 Kuku walikuja wakadonoa pojo kwenye ungo, na hakuwafukuza.

"Huyo msichana wa Meru," akasema, "ataleta hiyo sauti huku tusikie?"

"Ataileta."

"Kwa hiyo umekuja kwa sababu nitasikia."

Nilitaka kukana. Nilitafuta neno. Yalikuja mengi, kama kawaida yangu, yote mazuri. Sikuyatumia.

"Ndiyo," nikasema.

"Basi hujaja kwa ajili yangu. Nenda nyumbani, Mwalimu."

Hakuwa amewahi kuniita Mwalimu. Hilo lilikuwa jina la watu wengine.

Sauti ililetwa, ikachezwa mbele ya ofisi ya chifu, na watu wakasikiliza. Hawakunipiga wala hawakunitukana. Waliobaki ni wachache, na watoto wao wana shida nyingine. Wakili mmoja amesema huenda ushahidi huo ukasaidia kesi, huenda usisaidie. Mheshimiwa alifariki miezi michache baadaye akazikwa kwa hotuba nyingi. Sikwenda.

Dada hutoka kanisani kwa mlango wa pembeni. Tukikutana njiani hunisalimu vizuri, kwa heshima, kama anavyomsalimu mgeni, kisha hushika njia yake. Amewaambia binti zake kwamba siku akifa, mimi nisiitwe kutupa udongo kaburini. Nilimtuma mchungaji, akarudi akaniambia niache. Nina miaka michache iliyobaki na hakuna mwingine aliye hai aliyenijua nikiwa mtoto. Kwa neno lile watu walipoteza ardhi na wasichana wakapoteza shule, na mimi nimempoteza dada yangu, angali hai.